Gundi ya Nyuki

Sampuli ya kwanza ilikufa Jumanne.
Asubuhi ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kiatu cha askari;
mvua ikapita Isevya dakika kumi tu,
unyevu ukaingia chini ya mlango bila hodi,
na kufika saa kumi kioo kilikuwa na manjano,
manjano ya macho ya mgonjwa wa ini.

Msabila akaandika daftarini: imekufa.
Nikamwambia, andika na sababu.
Akaandika: maji.

Perovskaiti ni jina refu la kitu chepesi:
chumvi ya risasi na iodini, tone juu ya kioo,
zungusha, pasha moto, fuwele zinaota
nyembamba kuliko utando wa uji uliopoa.
Nikitaja risasi, mlinzi wa chuo anashtuka.
Namwambia si ya bunduki, ni ile ya betri,
ingawa nayo huua, polepole, ukiila.
Ndiyo maana nanawa mpaka viwiko
na mwanangu hajawahi kuvuka kizingiti hiki.

Shida iko mipakani.
Fuwele kwa fuwele zikikutana hazishikani;
hubaki nyufa, mapengo ya mtoto wa darasa la kwanza,
umeme ulioanza safari unatumbukia humo
na maji yanapitia humo humo kuingia.
Waliotuonya tuzibe ufa
hawakuwa wameuona ufa wa namna hii,
lakini ukuta tuliujenga kweli: vioo thelathini na kimoja
vimepangwa dirishani, vyote manjano.

Tulianza na asali. Ni Tabora, ungefanyaje?
Fuwele zikavimba, zikanata,
asubuhi tukakuta sisimizi wamewahi kazini kabla yetu,
mstari mmoja toka dirishani, wenye nidhamu.
Tukajaribu maji ya majani ya tumbaku,
kwa heshima ya baba yangu na marobota yake ya Urambo.
Chumba kikanuka ghala. Sindano ya mita haikutikisika.

Ndipo shangazi Nyamizi akashuka toka Sikonge
na ndoo ya masega, na mfuko wa rambo wenye takataka:
gundi nyeusi aliyoikwangua mizingani.
"Hii nyuki wanazibia nyufa. Haina mnunuzi. Tupa."

Sikutupa.

Tulifundishwa kufuata nyuki tule asali.
Hakuna aliyesema tufuate nyuki
tukatazame walichobandika ukutani.

Tukaiyeyusha kwenye spiriti, tukaichuja kwa pindo la kanga,
matone mawili katika mchanganyiko. Si matatu:
matatu yaliipa ngozi unene, ikawa kiziwi kwa mwanga.
Mawili.

Saa sita tukapanda juu ya paa la maabara
(taa ya kuigiza jua hatuna; jua lenyewe tunalo).
Msabila kashika waya, mimi nimeshika mita.
Sindano ikaondoka, ikapita ilipozoea kuchoka,
ikasita,
ikapanda tena kidogo, ikakaa.

Hatukushangilia. Mita yetu kuukuu
ikipata joto husema uongo.
Tukaipeleka kivulini ikapoe, tukarudia mara saba.
Mara saba ikasema lile lile.

Mvua ya Jumamosi ikaja ikapita. Ya Jumatatu
ikanyesha mpaka reli ikafunikwa.
Kioo cheusi.
Siku ya kumi, cheusi. Ya kumi na tisa, cheusi bado.
Ya ishirini, kwenye kona, manjano
ya ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho.

Msabila kalamu iko hewani: imekufa?
Andika, nikamwambia, inaumwa pembeni.

Jioni shangazi akapiga simu.
"Ile takataka yangu imewasha taa gani?"
Taa bado, shangazi. Imesogeza sindano.
"Sindano tu?"
Sindano tu. Upana wa punje mbili za mchele.

Nikasikia kimya, na kuni zikipasuka jikoni kwake.
"Basi nitakwangua tena," akasema.
"Mzinga wa tatu una nyufa nyingi."